Rudolf Diesel: Fundi aliyepigana na motere iliyokataa kuwaka

Kila mwaka, mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya Lubumbashi inauma sana asubuhi, kuko sauti moja tunaisikia kuanzia Makomeno mpaka Kalubwe na Gambela: demarere inazunguka, inazunguka, kisha inachoka. Motokari ya zamani ya mazutu imekataa. Mwenyewe anafungua kapo, majirani wanakuja, na kila mutu iko na dawa yake. Mumoja anasema ni batri. Mwingine anasema pompa imekufa. Mwingine anasema tusukume tu. Mara mingi franga zinatoka mbele ya mutu kujua ugonjwa ni gani.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu, ile motere tunaiita dizeli kwa sababu ya jina la mutu. Alikuwa anaitwa Rudolf Diesel. Leo tunaeleza maisha yake, na sababu ni moja: motere ya kwanza kabisa ya aina ile nayo ilikataa kuwaka. Yeye mwenyewe na mafundi wa kiwanda walihangaika nayo karibu miaka minne. Na maswali waliyojiuliza kule Ujerumani wakati ule, njo maswali fundi muzuri wa garaji hapa kwetu anajiuliza mpaka leo.

Mutoto wa fundi wa ngozi

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 mwezi wa tatu 1858. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa Wajerumani. Baba alikuwa anafanya kazi ya mukono, anatengeneza vitu vya ngozi, na mutoto alikuwa anasaidia kupeleka kazi kwa wateja. Hawakukuwa watajiri.

Mwaka wa 1870 vita vilianza kati ya Ufaransa na Wajerumani. Familia ya Diesel, pamoja na Wajerumani wengine, ikalazimishwa kutoka Paris. Wakakimbilia London. Maisha yalikuwa magumu kule, na wazazi wakaamua kutuma Rudolf peke yake kwa ndugu zao katika muji wa Augsburg, Ujerumani. Alikuwa na miaka 12 tu. Yule mujomba aliyemupokea alikuwa mwalimu wa hesabu, na mutoto akasema anataka kuwa injinia.

Akasoma kwa nguvu, akapata msaada wa masomo, akaingia katika shule kubwa ya ufundi ya Munich. Mwaka wa 1879, wakati wa mitihani ya mwisho, akapata homa ya tifoidi na hakufanya mitihani. Akangojea, akaenda kufanya kazi kidogo katika kiwanda cha Sulzer kule Uswisi, kisha mwanzo wa 1880 akarudi kupita mitihani. Alipata pointi za juu sana.

Katika ile shule mwalimu wake mumoja alikuwa Carl von Linde, mutu aliyejulikana kwa masini za kutengeneza baridi na barafu. Siku moja Linde alieleza darasa kwamba masini ya mvuke, ile iliyokuwa inaendesha viwanda na treni za dunia nzima, ilikuwa inapoteza karibu moto wote wa makaa. Kati ya sehemu 100 za moto, ilikuwa inageuza sehemu kama 10 kuwa kazi, na masini mingi hata chini ya hapo. Zingine zote zilikuwa zinaenda bure. Kijana Diesel akaandika ile hesabu katika daftari yake, na haikutoka tena katika kichwa chake.

Akafanya kazi kwa Linde miaka mingi, kwanza Paris katika kiwanda cha barafu, kisha Berlin. Mwaka wa 1883 akaoa Martha Flasche, na wakapata watoto watatu. Muchana alikuwa anauza na kutengeneza masini za barafu. Usiku alikuwa anatafuta motere yake.

Motere isiyokuwa na buji

Ili kuelewa alichotafuta, chukua pompa ya kinga. Finya hewa haraka mara kumi, kisha gusa chini ya pompa. Kuko moto. Ile moto haikutoka kwa kiberiti, imetoka kwa kufinya hewa.

Wazo la Diesel lilikuwa pale. Motere ya esanse inavuta hewa na esanse pamoja, kisha buji inatoa cheche. Yeye akasema: tuingize hewa peke yake, pistoni iifinye kwa nguvu sana mpaka iwe moto zaidi ya digri 500, halafu tupige mafuta ndani mara moja. Mafuta yatawaka yenyewe. Hakuna cheche, hakuna buji ya kuwasha.

Mwezi wa pili 1892 akaomba hati ya uvumbuzi kule Berlin, na mwaka uliofuata akaipata. Akatoa na kitabu. Wataalamu wengi walisema haiwezekani, hakuna chuma kitavumilia ile nguvu. Lakini kiwanda cha masini cha Augsburg, kilichoongozwa na Heinrich Buz, kikakubali kujaribu, na kampuni kubwa ya chuma ya Krupp ikaingia kutoa franga.

Sasa kwenye karatasi motere ilikuwa inatembea vizuri. Katika chumba cha kazi, mambo yakawa mengine.

Augsburg: swali la kwanza ni hewa

Kati ya mwaka wa 1893 motere ya majaribio ikasimamishwa: silinda moja, ndefu, imesimama wima. Ilikuwa haiwezi kujizungusha. Walikuwa wanaizungusha kwa mukanda uliofungwa kwenye masini ya kiwanda, sawa vile sisi tunavyosukuma motokari.

Mbele ya kutia mafuta, Diesel akapima hewa tu. Akakuta haifinyiki kufika pale alipopiga hesabu. Ilikuwa inavuja: inapita kando ya pistoni, inapita kwenye valve. Ikabidi kufungua, kusawazisha, kubadilisha zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, kufunga, kupima tena.

Hii njo ugonjwa wa kwanza wa dizeli ya zamani mpaka leo. Motere iliyotembea kilometa mingi, ringi zake zimekula, hewa inavuja. Hewa ikivuja, haipati moto. Isipopata moto, mafuta yanaingia lakini hayawaki. Ndiyo maana motokari ya namna ile inawaka vizuri saa sita za muchana, na inakataa saa kumi na mbili asubuhi. Na demarere ikizunguka polepole juu ya batri kuchoka, ni ile ile shida: hewa inafinywa polepole, moto inakimbilia kwenye chuma cha baridi. Ndiyo maana fundi mwenye akili anaanza na batri na nyaya zake, kisha buji za kupasha moto, ile kazi tunaita preshofaji, mbele ya kusema neno juu ya pompa. Motere ya Diesel haikukuwa na buji hizo. Ziliongezwa kwenye motere ndogo za baadaye, juu ya kusaidia asubuhi za baridi.

Swali la pili ni mafuta

Tarehe 10 mwezi wa nane 1893, wakati masini ya kiwanda ilikuwa inaizungusha, mafuta yalipigwa ndani kwa mara ya kwanza. Yakawaka palepale, kwa kishindo kikubwa. Chombo cha kupimia nguvu kilichokuwa juu ya silinda kikapasuka, vipande vikaruka, na vingeweza kuua watu waliokuwa pale.

Kwa mutu mwingine, ile ingekuwa mwisho. Kwa Diesel ilikuwa jibu: wazo ni la kweli, hewa iliyofinywa inawasha mafuta bila cheche. Lakini motere haikutembea yenyewe. Ilikuwa inawaka mara moja, inakataa, inawaka tena. Akaifunga, akarudi kwenye meza, akabadilisha vitu mingi, na miezi ikapita.

Shida sasa ilikuwa namna ya kuingiza mafuta. Ndani ya silinda kuko hewa iliyofinywa sana inayosukuma kurudi inje. Mafuta yanapaswa kuingia kwa nguvu kupita ile hewa, kwa kiasi kidogo, yamesambaa kama ukungu, na saa ileile pistoni iko juu. Yakiingia kama matone makubwa, hayawaki yote, na moshi mweusi unatoka. Kwa hesabu za wakati ule Diesel akaona njia nzuri ni kutumia hewa ya masini ingine, iliyofinywa zaidi, ipulize mafuta ndani. Kwa sababu ya ile masini ya hewa, motere zake zilikuwa kubwa na nzito. Hazingeweza kuingia katika motokari.

Leo pompa na injektere zinafanya ile kazi bila hewa. Tena hewa imekuwa adui. Ikiingia kidogo tu katika muferego wa mazutu, kwa muferego uliopasuka ao filtre isiyofungwa vizuri, pompa inafinya hewa badala ya mafuta, na injektere haifunguki. Motere inazunguka na hakuna hata moshi. Watu wengi wameuza mbuzi kununua pompa, kumbe shida ilikuwa hewa katika filtre. Dawa yake ni kufinya ile pompa ndogo ya mukono iliyo juu ya filtre, kulegeza skuru ya kutoa hewa, na kungoja mpaka mazutu itoke bila povu. Maji katika mazutu nayo yanaleta shida ya namna moja, na yanatolewa chini ya filtre.

Kofia iliyovuliwa

Tarehe 17 mwezi wa pili 1894, motere ilikuwa inazungushwa na mukanda kama kila siku. Fundi aliyekuwa anaisimamia akaangalia ule mukanda, akaona upande uliokuwa umevutwa umelegea. Maana yake kiwanda hakikukuwa tena kinavuta motere. Motere njo ilikuwa inavuta kiwanda. Wanaeleza kama yule fundi hakusema kitu. Alivua tu kofia yake mbele ya Diesel. Ilitembea yenyewe dakika moja, mizunguko 88.

Dakika moja, kisha miaka mitatu ingine ya kazi. Walijenga, wakabomoa, wakajenga tena. Kila jaribio liliandikwa: saa, nguvu ya hewa, mafuta, kilichotokea. Hawakubadilisha vitu kumi mara moja, kwa sababu ukifanya hivyo, hata motere ikiwaka, hujui ni nini iliiponyesha.

Mwezi wa pili 1897, profesa Moritz Schröter wa Munich akaja kuipima mbele ya watu. Motere ilikuwa na urefu wa metre kama 3, uzito wa tone 4 na nusu, na nguvu ya farasi karibu 20, yaani chini ya motokari ndogo ya leo. Ilikuwa inatumia petroli ya taa. Lakini hesabu ya profesa ilishangaza wote: kati ya sehemu 100 za moto ya mafuta, ilikuwa inageuza sehemu 26 kuwa kazi. Hakuna masini ingine ilikuwa inafika pale. Ile motere iko mpaka leo katika jumba la kumbukumbu la ufundi, Deutsches Museum, kule Munich.

Motere ya karanga

Kuko sehemu moja ya maisha haya inayotugusa sisi Waafrika. Mwaka wa 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, motere ndogo ya Diesel ilitembezwa na mafuta ya karanga. Watu wengi waliopita pale hata hawakujua. Serikali ya Ufaransa ilikuwa inafikiria makoloni yake ya Afrika, kule karanga zinapatikana kwa wingi, ili masini zitembee bila kuleta makaa wala mafuta kutoka mbali. Mwaka wa 1912 Diesel mwenyewe alieleza kwamba mafuta ya mimea yanaweza siku moja kuwa na maana kubwa.

Wabelgiji nao walifikiria vile juu ya Kongo. Mwaka wa 1937 mutaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, Chavanne, alipata hati juu ya namna ya kugeuza mafuta ya mawese kuwa mafuta ya motere, na mwaka uliofuata basi moja ilitumia mafuta ya namna ile kati ya Brussels na Louvain. Mawese yalitoka kwetu. Basi ilitembea kwao.

Tuonye pale pale: mafuta ya kupikia hayafai kumwagwa hivi hivi katika motokari ya leo. Ni mazito, yanaziba filtre na kuacha masizi kwenye injektere. Mwaka wa 1937 ilibidi yabadilishwe kwanza kwa njia ya kemia.

Utajiri uliovuja

Kisha 1897, makampuni ya inchi mingi yalinunua haki ya kutengeneza ile motere. Diesel akawa milionea kwa miezi michache. Akajenga nyumba kubwa sana Munich.

Lakini motere za kwanza zilizouzwa zilisumbua wateja. Zilikuwa bado changa, na mafundi waliozijua walikuwa wachache. Washindani wakamushitaki, wataalamu wakaandika kwamba motere inayouzwa haifanani na ile iliyoandikwa katika hati yake. Mwaka wa 1898 alianguka mugonjwa juu ya kuchoka na mahangaiko, akalazwa miezi. Na franga zake aliziweka mubaya: viwanja, mafuta ya chini ya udongo kule Galicia, na biashara zingine zilizoanguka. Hati yake ya uvumbuzi ikaisha nguvu, na kila mutu akawa huru kutengeneza.

Wakati ule ule motere yenyewe ilikuwa inashinda. Mwaka wa 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilivuka bahari kubwa kwa nguvu ya dizeli, bila moshi wa makaa. Diesel alialikwa Amerika, akasifiwa. Nyumbani alikuwa anazama katika madeni. Mutu aliyekuwa anatafuta kila tundu la hewa katika silinda, hakumufungulia mutu yeyote vitabu vyake vya franga, hata muke wake.

Usiku wa bahari

Tarehe 29 mwezi wa tisa 1913 alipanda meli Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, ile ile bandari Wabelgiji walikuwa wanapandia meli za kuja Kongo. Muji wetu, Élisabethville ya wakati ule, ulikuwa na miaka mitatu tu, na treni zake zote zilikuwa za mvuke. Diesel alikuwa anaenda Uingereza kwa mukutano wa kampuni, pamoja na George Carels, Mubelgiji wa Gand aliyekuwa anatengeneza motere za dizeli, na injinia mumoja. Walikula pamoja usiku, wakatembea kidogo juu ya meli. Karibu saa ine za usiku akaenda kulala, akaomba aamushwe asubuhi mapema.

Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa karibu na ukingo wa meli. Siku chache kisha, meli ndogo ya Waholanzi iliona maiti katika bahari. Walitoa vitu vya mufukoni, wakarudisha maiti katika maji. Mwana wake Eugen alitambua vile vitu: vilikuwa vya baba yake.

Mbele ya safari alikuwa ameachia Martha mufuko na kumuomba asiufungue mpaka juma lifuatalo. Ndani kulikuwa marki 20,000, na karatasi zilizoonyesha kwamba banki hakukukuwa kitu. Watu wengine walitunga hadisi kwamba aliuawa. Hakuna ushahidi ulioonyesha vile, na wengi waliochunguza wanaona alijirusha mwenyewe. Alikuwa na miaka 55.

Hakuona hata motokari moja ya dizeli ikitembea barabarani. Kamio za kwanza zilitoka Ujerumani mwaka wa 1923 na 1924. Pompa ya Bosch, iliyoondoa ile masini nzito ya hewa, ilianza kutengenezwa kwa wingi 1927. Mercedes-Benz 260 D, motokari ndogo ya watu, ilikuja 1936. Leo angalia barabara ya Kasumbalesa: kamio zote zile zinazobeba shaba zinatembea na jina lake.

Kwa mwenye motokari

Basi dizeli yako ikikataa asubuhi, usianze na kununua. Angalia moshi wa nyuma wakati demarere inazunguka. Moshi mweupe unatoka? Mafuta yanafika lakini moto haitoshi: angalia batri, preshofaji, kisha kompresio. Hakuna moshi hata kidogo? Mafuta hayafiki: angalia tanki, filtre, hewa katika muferego. Usipulizie eteri wakati buji za kupasha moto ziko moto, inaweza kupasua motere. Usiweke mukono mbele ya injektere iliyofunguliwa, mazutu yake inatoboa ngozi.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha andika. Na kama franga za kutengeneza zimepita uwezo wako, waambie watu wa nyumbani mapema, mbele ya kuchukua deni.